Jiwe Lasifiwa, Ulimi Wasahauliwa

Wapenzi wa lugha, nina ugomvi na matembezi ya saa mbili. Matembezi yenyewe hufanyika kila siku katikati ya mji wa Cusco, kusini mwa Peru, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wageni hukusanyika katika uwanja mkuu, mwongoza watalii huinua kibendera chake, na msafara huanza: kanisa kuu, ujia wa kuta za Wainka, jiwe la pembe 12, hekalu la jua, mtaa wa mafundi wa San Blas, na pengine soko la San Pedro. Ni njia fupi, na kila hatua yake ina historia ya kujaza kitabu. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983, nao ulistahili. Ugomvi wangu ni huu: matembezi hayo, jinsi yalivyozoeleka, humfundisha mgeni kuyastahi mawe ya Wainka na kuipita lugha yao bila kuigeukia, ilhali lugha hiyo ingali hai na inasemwa hatua tatu kutoka aliposimama.

Lugha yenyewe ni Kikechua. Wasemaji wake huiita Runasimi: runa ni mtu, simi ni kinywa. Kinywa cha watu. Katika hesabu ya watu ya Peru ya mwaka 2017, watu zaidi ya milioni 3 walisema kwamba hiyo ndiyo lugha waliyojifunza kwanza utotoni. Lakini msikilize mwongoza watalii, na mara nyingi utasikia Kikechua kikitajwa kwa wakati uliopita: Wainka waliita hivi, Wainka walisema vile. Mgeni huondoka akidhani amesikia habari za lugha ya makaburini. Aliyemuuzia maji asubuhi ile huenda aliota ndoto kwa lugha hiyo hiyo usiku uliotangulia.

Tuanze na uwanja wenyewe. Leo unaitwa Plaza de Armas. Garcilaso de la Vega, mwana wa kapteni wa Kihispania na binti wa ukoo wa Inka, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539, aliandika kwamba jina lake ni Hawkaypata, uwanja wa sherehe na furaha. Hawkay ni kustarehe. Wapo wanaowaambia wageni kwamba ni Awqaypata, uwanja wa mashujaa wa vita, kwa kuwa awqa ni adui au mpiganaji. Wapo wanaosema ni Waqaypata, uwanja wa kilio, kwa kuwa waqay ni kulia. Furaha, vita na kilio vimetenganishwa na sauti moja au mbili mwanzoni mwa neno! Mshairi gani asingesimama hapo nusu saa? Lakini msafara husimama kupiga picha za kanisa, mwongoza watalii huchagua maana moja, aghalabu ile itakayowasisimua wageni zaidi, kisha huwasogeza mbele. Mjadala mzima wa lugha umemezwa na kauli moja isiyo na shaka.

Na kama ni kilio, sababu ya kulia ipo. Tarehe 18 Mei 1781, katika uwanja huo huo, serikali ya Wahispania ilimuua José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa Pili, kiongozi wa uasi mkubwa wa Andes. Mkewe, Micaela Bastidas, aliuawa siku hiyo hiyo. Waongoza watalii husimulia namna mwili wake ulivyofungwa kwa farasi wanne ili wauraruane. Wengi hawakawii juu ya kilichotangulia: kabla ya farasi, alikatwa ulimi. Na hukumu iliyotolewa na José Antonio de Areche haikuishia kwenye ulimi wa mtu mmoja. Ilipiga marufuku mavazi ya kiinka, baragumu za makombe, na tamthilia za kuwakumbuka Wainka, ikataka pia watu waiache lugha yao na kusema Kihispania. Watawala wale walijua jambo ambalo matembezi yetu yamelisahau. Waliyaacha mawe yasimame, wakajenga makanisa na nyumba zao juu yake, kwa sababu jiwe halikuwatisha. Kilichowatisha ni kinywa.

Sasa tufuate ujia uitwao Hatun Rumiyoq. Hatun ni kubwa, rumi ni jiwe, na kiambishi cha mwisho, -yoq, hufanya kazi inayofanana sana na -enye yetu. Yenye jiwe kubwa: ndiyo maana ya jina la njia. Hapo ndipo lilipo jiwe maarufu la pembe 12, na hapo ndipo msafara hukaa zaidi. Wageni huhesabu pembe kwa vidole. Huambiwa kwamba hata karatasi haipenyi kati ya jiwe na jiwe, na huitikia kwa mshangao. Sichukii mshangao huo. Lakini jina la njia lina viungo vitatu vilivyoshikana bila chokaa, navyo havihesabiwi na mtu. Kikechua huunda maneno kama kuta zile zilivyoundwa: mzizi huwekwa, kisha kiambishi hupachikwa nyuma ya kiambishi, kila kimoja mahali pake. Mgeni aliyeoneshwa jambo hilo kwa dakika moja angeondoka na kitu ambacho picha haiwezi kumpa.

Tena kuna viambishi ambavyo vingeyafanya matembezi yenyewe yawe ya ukweli zaidi. Msemaji wa Kikechua huwa na njia ya kuonesha katika sarufi kwamba habari yake ameipataje. Kiambishi -mi, ambacho huko Cusco hufupishwa kuwa -n baada ya irabu, huonesha kwamba msemaji ana hakika, kwa kawaida kwa sababu ameshuhudia. Kiambishi -si, au -s baada ya irabu, huonesha kwamba amesikia kwa watu. Na -chá huonesha kwamba anakisia. Sisi tuna eti na inasemekana, lakini eti yetu aghalabu hubeba kejeli, na inasemekana huweza kuachwa bila sentensi kuharibika. Kiambishi -si hakina kejeli. Ni uaminifu wa kawaida wa mtu anayesimulia asichokiona.

Pima sasa kauli za matembezi kwa mizani hiyo. Mji ulijengwa kwa umbo la puma: wanahistoria wamebishana kama maneno ya waandishi wa kale yalihusu ramani halisi au yalikuwa sitiari. Cusco maana yake ni kitovu cha dunia: ndivyo alivyoandika Garcilaso, lakini kitovu cha mwili kwa Kikechua ni pupu, na mwanaisimu Rodolfo Cerrón-Palomino amejenga hoja kwamba jina hilo lina asili ya Kiaimara na linahusu mwamba wa bundi. Kwa Kikechua, mambo haya yangesimuliwa kwa -si. Katika Kiingereza na Kihispania cha watalii husimuliwa kana kwamba msimulizi alikuwepo akiushika uzi wa kupimia msingi. Lugha inayopuuzwa ndiyo iliyokuwa na dawa ya uongo wa matembezi.

Neno jingine dogo: sisi. Kikechua kina sisi mbili. Ñuqanchis ni mimi pamoja nawe unayenisikiliza, na ñuqayku ni mimi na wenzangu, wewe ukiwa nje. Mwongoza watalii akisema mbele ya ukuta, “haya ni mababu zetu,” kwa Kikechua asingeweza kukwepa: angelazimika kuamua kama mgeni yumo au hayumo. UNESCO huzungumza kwa ñuqanchis, urithi wetu sote wanadamu. Mkulima wa milimani ambaye mtoto wake alichekwa shuleni kwa sababu ya lafudhi yake ana haki ya kujibu kwa ñuqayku. Swali la mwenye urithi limo tayari ndani ya sarufi, na msafara hupita juu yake ukielekea kwenye duka la kumbukumbu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mgeni ana saa mbili tu na hakuja kujifunza isimu. Nikubali. Lakini mgeni huyo huyo hupata muda wa kucheka utani uliochakaa kuhusu Saqsaywaman, ngome iliyo kilimani juu ya mji, ambayo jina lake hugeuzwa kuwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwanamke anayeamsha tamaa. Waman ni kipanga, na wengi hulifasiri jina zima kuwa kipanga aliyeshiba. Kipanga aliyeshiba ni taswira ambayo malenga angeililia. Utani ule huchukua muda ule ule ambao fasiri ingechukua. Basi tusisingizie saa.

Nitaambiwa pia kwamba mwongoza watalii anatafuta riziki, na kwamba wengi wao ni watoto wa nyumba za Kikechua. Ni kweli, na ndiyo sababu silaumu mtu mmoja mmoja. Ninalaumu soko linalolipia kitu kimoja na kukataa kingine. Katika njia hizo hizo husimama wanawake waliovaa mavazi ya milimani, wameshika mwanakondoo au mwana-alpaka, wakipigwa picha kwa malipo kidogo. Wanalipwa kwa sketi na kofia. Hakuna anayewalipa wazungumze. Hukumu ya 1781 ilipiga marufuku vazi na lugha pamoja. Utalii umelirudisha vazi kwa sababu linapendeza kwenye picha, na lugha umeiacha mlangoni.

Wengine watanikumbusha kwamba sheria zimebadilika. Serikali ya Juan Velasco Alvarado ilikipa Kikechua hadhi ya lugha rasmi mwaka 1975, na mwaka 2011 ikatungwa sheria ya kulinda lugha za asili. Ni hatua za kushukuriwa. Lakini Agosti 2021 waziri mkuu Guido Bellido, mzaliwa wa mkoa wa Cusco, alipoanza hotuba yake bungeni kwa Kikechua, wapo wabunge waliompigia kelele, na spika akamtaka atafsiri. Lugha rasmi iliyoombwa radhi ya kuwapo ndani ya bunge lake yenyewe! Nchi inayoiweka lugha kwenye vibao vya mitaa na kuikosesha subira bungeni imejifunza adabu za matembezi ya watalii.

Nina neno kwa wapenzi wa Kikechua pia, kwa kuwa ugonjwa huu una sura ya pili. Katika mji huo huo wapo wanaokitukuza Kikechua cha wakuu, Qhapaq Simi, na kukiona cha wakulima kuwa kimechafuka. Wamebishana kwa miaka mingi na wanaisimu kuhusu irabu: ziandikwe tatu, kama alfabeti rasmi ya 1985 inavyotaka, au tano? Ndiyo maana jina la mji huandikwa Qosqo kwa hao na Qusqu kwa wale. Tahajia si jambo dogo, nasi wa Kiswahili twalijua hilo. Msemaji wa Kimvita hutenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo, na maandishi yetu sanifu hayaonyeshi kitu. Kikechua cha Cusco kinahitaji uangalifu kama huo: tanta ni mkusanyiko, thanta ni kilichochakaa, t’anta ni mkate. Lakini anayeifungia lugha ndani ya ikulu ya Wainka anafanya lile lile afanyalo mwenye kibendera. Wote wawili wanaipenda lugha ikiwa ya kale, na hawana la kumwambia mama anayeuza t’anta.

Basi ninadai nini? Mambo manne, na hakuna hata moja litakaloongeza saa ya tatu. Majina ya njia yafasiriwe kiungo kwa kiungo, na penye ubishi ubishi usemwe. Kila kisa cha kusikia kitangazwe kuwa ni cha kusikia. Mwenye Kikechua alipwe kwa kukizungumza, awe mshairi, msimuliaji au mwimbaji, angalau kwa robo saa ya matembezi. Cusco imewahi kuwa na washairi wa lugha hiyo: Andrés Alencastre, aliyejiita Killku Warak’a, alitunga kwa Kikechua na kukifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, na jina lake lingestahili kusikika karibu na jiwe la pembe 12. Na mwisho, matembezi yamalizikie Rimaqpampa, uwanja ulio umbali mfupi kutoka hekalu la jua. Wahispania walilitamka Limacpampa, na ndivyo vibao vinavyosoma leo. Rimaq ni anenaye. Uwanja wa wanenao: mji wenyewe ulikwisha kutuchagulia pa kumalizia.

Kuta za Wainka zilistahimili tetemeko la mwaka 1650 na lile la 1950, ambalo liliangusha sehemu za jengo la watawa na kuzidi kuzifunua kuta za hekalu lililokuwa chini yake. Zitastahimili na kibendera. Lugha haina msingi wa mawe. Hudumu kwa kusemwa, na huanguka kimyakimya, mtoto mmoja baada ya mwingine, bila vumbi la kumshtua mpita njia. Kwa hiyo namwachia mgeni ubeti mmoja wa kwenda nao:

Mgeni wa kutazama, toka hapo ukutani,
Jiwe haliwezi sema, li kimya tangu zamani,
Mwenye kunena ni mama, yu na mikate sokoni,
Lugha ikishakuzama, mji u wapi, jamani?