Nani Apewe Kalamu? Mapenzi ya Umimi na Kujijua katika Usimulizi Mpya wa Visasili

Utangulizi

Katika uhakiki unaofundishwa na kuandikwa katika idara zetu kuna mazoea mawili ambayo makala haya yananuia kuyapinga. La kwanza ni la zamani. Riwaya inayosimulia upya kisasili cha kale husomwa kama ghala la maadili: mhakiki huingia, huhesabu dhamira, huorodhesha ujumbe, huwagawa wahusika katika wema na wabaya, kisha hufunga mlango. La pili lilikuja kwa nia ya kulirekebisha la kwanza. Hapa mhakiki humtafuta yule aliyelaumiwa na kisasili, ambaye aghalabu ni mwanamke, humvua lawama na kumtwisha mfumo uliomtunga. Mhakiki wa kwanza hutoa hukumu, wa pili hutoa utetezi. Wote wawili wamo mahakamani, wala hapana kati yao aliyemwomba mshtakiwa aseme.

Rai yetu ni kwamba usimulizi mpya wa kisasili hupata thamani yake pale unapompa mlaumiwa kalamu, ukamwacha aandike shauri lake lote kwa haki, kisha kalamu hiyo hiyo ikamfichulia asiyoyajua kuhusu nafsi yake. Kipimo hiki ni kigumu, na kazi nyingi tunazozisifu hazikifikii.

Kisa cha Figo

Wamaasai wana kisasili ambacho watafiti kadha wamekwisha kukiandika. Zamani wanawake nao walikuwa na mifugo yao, na mifugo hiyo ndiyo hawa tunaowaita leo wanyama wa porini: nyumbu, pundamilia, swala, tembo. Asubuhi moja mnyama alichinjwa. Watoto walitakiwa kuipeleka mifugo malishoni, lakini kila mama akakataa mwanawe asiende kabla hajala figo. Wakati mama hao wakishindania figo, mifugo ilijiondokea, ikaingia mwituni, isirudi tena. Tangu siku hiyo ng'ombe wakawa wa wanaume peke yao.

Mwandishi wa makala haya alikisikia kisa hiki kikisimuliwa Kajiado, akiwa na kikundi cha wanafunzi wa uzamili, kisha akarudi nao Kitengela kukijadili. Mjadala uligawanyika pande mbili nilizokwisha kuzitaja. Upande mmoja ulisema kwamba funzo ni kuepuka uchoyo, na ukaleta methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Upande wa pili ulisema kwamba kisa hiki ni hati ya wanaume ya kumiliki ng'ombe, iliyovishwa vazi la ukale ili isihojiwe. Nilizikubali hoja zote mbili, nikaona kwamba kazi imekwisha. Ndipo mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa huko na mama wa watoto, alipouliza kama kuna yeyote kati yetu ambaye angemnyima mwanawe figo lile. Hakuna aliyemjibu, hata mimi mwalimu.

Swali lile halikuwa la maadili wala la itikadi. Lilikuwa linadai kwamba kosa la mama wale lisitazamwe kwa mbali. Kisa hakisemi kwamba walikuwa wavivu au wazinzi au wachawi. Kinasema kwamba walipenda. Kila mmoja alimpenda wake, na kwa kumpenda wake akawasahau wa wenziwe, akayasahau hata yale maziwa ambayo mwanawe huyo huyo angeyahitaji kesho. Hayo ndiyo mapenzi ya umimi. Ni mapenzi kweli, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: mwenye nayo akijitazama haoni uovu, huona huruma.

Orual Ashika Kalamu

Kisasili cha figo hakijapata riwaya inayowapa mama wale sauti. Tunao hata hivyo mfano wa kazi ya namna hiyo iliyofanywa juu ya kisasili kingine, nao ni Till We Have Faces, riwaya ya C. S. Lewis iliyochapishwa mwaka 1956. Wapo watakaosema kwamba riwaya ya Mwingereza kuhusu Psyche haina nafasi katika jarida kama hili. Tunawakumbusha kwamba kisa cha Psyche kimetufikia kwa ukamilifu kupitia kitabu cha Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madaura, katika Algeria ya leo. Kalamu iliyotuhifadhia kisa hicho ilishikwa na mzaliwa wa Afrika.

Kwa Apuleius, dada wawili wa Psyche ni waovu kwa sababu ni wenye wivu, basi. Wanaliona jumba la mdogo wao, wanaitamani neema yake, wanampangia hila ya taa na kisu, na mwisho wanaangamia. Msomaji hatakiwi kujiuliza chochote juu yao. Lewis anafanya mageuzi mawili. Kwanza, anampa kalamu dada mkubwa, Orual, ambaye amemlea Psyche tangu alipozaliwa na kufiwa na mama yake. Pili, anamnyima Orual uwezo wa kuliona jumba. Psyche anasema kwamba wamesimama mlangoni pa nyumba ya mumewe. Orual anaona bonde tupu tu. Kwa mageuzi hayo wivu wa wazi unageuka kuwa jambo gumu zaidi kulikamata, yaani upendo unaojiamini kwamba ndio wenye macho.

Tazama basi jinsi upendo huo unavyofanya kazi. Orual anapoona kwamba maneno hayamshindi Psyche, anajichoma mkono wake mwenyewe kwa kisu mbele ya mdogo wake, na kumtishia kwamba atamuua, kisha ajiue yeye, asipokubali kuwasha taa na kumtazama mume asiyetaka kuonekana. Psyche anakubali, naye anajua kwamba anaipoteza furaha yake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tukio hili tunalisimuliwa na Orual mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu. Hakulificha, kwa kuwa hakuona la kuficha. Mwandishi hakuhitaji msimulizi mwingine wa kutueleza kwamba huo ulikuwa ukatili.

Sehemu ya kwanza ya riwaya, ambayo ndiyo ndefu, ni mashtaka ya Orual dhidi ya miungu waliompokonya mpenzi wake. Sehemu ya pili ni fupi, na ndani yake mashtaka yanaanza kumrudia. Tarin, mtu wa zamani wa jumba la mfalme, anamwambia kwamba Redival, yule dada wa kati aliyedharauliwa katika kitabu kizima, alikuwa mpweke tangu Orual alipopata kwanza mwalimu wa kumpenda, kisha Psyche. Ansit, mjane wa jemadari Bardia, anamwambia kwamba alimla mumewe kwa kazi, akambakishia yeye makombo. Kisha katika maono Orual anatakiwa kuyasoma mashtaka yake mbele ya hakimu. Kitabu alichokidhani kuwa kikubwa anakikuta mkononi ni kijitabu kichakavu, na sauti anayoisikia ikisoma ni yake ya kweli. Inasema kwamba Psyche alikuwa wake, na kwamba heri angeliwa na mnyama kuliko kupendwa na mwingine. Anaisoma mara nyingi hata anaamriwa anyamaze. Hapewi jibu lingine, wala halihitaji. Kusikia alichokuwa akikisema ndiko kulikomjibu.

Hatudai kwamba riwaya hii haina kasoro. Lewis alikuwa mtetezi wa Ukristo, na mhakiki ana haki ya kulalamika kwamba miungu wa Glome wanaondoka mahakamani bila kuulizwa maswali magumu. Lakini lalamiko hilo haliigusi mbinu yenyewe, ambayo ni kuruhusu maneno ya mtetezi yamshitaki.

Manyani Wasiosema

Sasa tuilinganishe mbinu hiyo na kazi tunayoiheshimu kuliko nyingi katika mapokeo yetu ya usimulizi mpya, nayo ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Msingi wake ni hekaya ya Alfu Lela Ulela kuhusu Abdallah bin Fadhili na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawaita Hasidi na Mwivu. Alibadili na mwisho pia. Katika hekaya ya kale ndugu hao wakirudishiwa umbo la kibinadamu hutenda uovu tena na kuuawa. Katika riwaya yetu wanasamehewa. Badiliko hili la msamaha ni la kijasiri, na wahakiki hawajalipa uzito unaolistahili.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kisa cha uovu wao tunaisikia kinywani mwa Adili, akimwelezea Mfalme Rai. Hasidi na Mwivu wanachapwa usiku, wanalishwa, wanaombewa msamaha, wanasamehewa. Yote hayo wanatendewa. Kwa nini walimtosa ndugu yao baharini? Jibu limo tayari katika majina yao. Wala Adili, ambaye anawachapa kwa amri na kuwabembeleza kwa huruma, haulizwi kama katika huruma ile ya kila usiku hakuna chembe ya utamu wa kuwa mwema mbele ya wabaya. Methali husema kwamba nyani haoni kundule. Shaaban Robert ametupa manyani wawili kamili, lakini hakuwapa kioo, na aliyewashikia kiboko naye hakukipata.

Hatusemi haya ili kumshusha Shaaban Robert. Aliandika katika mapokeo ya istiara, na istiara ina kanuni zake. Tunalaumu uhakiki wetu, ambao kwa miaka mingi umeifanya njia hiyo moja kuwa kipimo cha njia zote, hata mwanafunzi akikutana na Orual huuliza kwanza kama ni mhusika mwema au mbaya, na akishindwa kujibu husema kwamba riwaya ina utata.

Pingamizi

Pingamizi zito litatoka kwa wahakiki wa mrengo wa kijinsia na wale wa historia. Watasema kwamba tunamlaumu aliyedhulumiwa. Wamaasai walinyang'anywa ardhi kwa mikataba ya 1904 na 1911. Kisasili cha figo kimetumika kuwanyima wanawake mali. Je, ni haki leo kuwaambia mama hao wajitazame nafsi zao?

Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika kisa cha Orual. Baba yake alimpiga na kumdhihaki kwa sura yake tangu utotoni. Malalamiko yake juu ya hayo ni ya kweli, na riwaya haiyafuti hata moja. Lakini Psyche naye aliumia kweli, Bardia alikufa kweli, na Redival alikaa peke yake kweli. Dhuluma aliyotendewa mtu haiifuti dhuluma aliyoitenda kwa jina la mapenzi, wala hii haiifuti ile. Uhakiki unaomvua mlaumiwa lawama zote unamvua pia uwezo wa kutenda, ukamrudisha katika hali ya wale manyani: atendewe, aombewe, asamehewe. Huo ni utetezi unaodhalilisha.

Hitimisho

Tulipokuwa tukijadili Kitengela, dirishani palionekana uwanda uliogawanywa kwa nyaya. Ardhi ya pale ilikuwa ranchi ya jumuiya chini ya Sheria ya 1968, ikagawanywa kwa hati za watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyumbu waliokuwa wakitoka katika Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Athi na Kapiti walihesabiwa kwa maelfu mengi katika miaka ya 1970. Wamebaki wachache mno. Sababu ni nyingi: ukame, siasa, soko la ardhi, ukuaji wa jiji. Lakini muulize aliyeuza ekari zake na aliyezinunua, aliyeweka uzio na aliyejenga, na kila mmoja ana uwezekano mkubwa wa kukupa jibu moja la kweli, kwamba alifanya kwa ajili ya watoto wake. Mwandishi wa makala haya, aliyenunua kipande chake huko na kukizungushia waya, angetoa jibu hilo hilo. Mifugo ya wanawake inaondoka kwa mara ya pili, na sisi tumeshika figo mkononi.

Kwa hiyo hatuna budi kuibadili namna tunavyowafundisha wanafunzi wetu kusoma. Kabla ya kuuliza kisa kinafunza nini au kinamtumikia nani, tuwatake waulize nani anasimulia, anampenda nani, na upendo huo umemgharimu nani. Na kama yuko mwandishi, wa Kiswahili au wa Kimaa, anayetafuta kisasili cha kukisimulia upya, tunamwomba aanze na mmoja wa mama wale asubuhi ile, amwandike kwa nafsi ya kwanza, asimtetee wala asimhukumu, amwache tu aeleze jinsi alivyompenda mwanawe.