MTOTO SI NDIZI YA KUVUMBIKWA

Umezuka katika miji ya nchi hii mtindo wa malezi usiofaa kuendelea kufumbiwa macho. Mtoto wa miaka minne huamshwa saa kumi na nusu alfajiri, huvishwa sare huku akisinzia, kisha hupakiwa katika basi la shule litakalozunguka mitaa ya Kimara au Mbagala kwa muda mrefu kabla ya kufika shuleni. Jioni hurudi na mkoba wa madaftari na kukabidhiwa kwa mwalimu wa tuisheni. Jumamosi ni tuisheni. Likizo ni tuisheni. Hulala saa tatu usiku, na kesho yake safari huanza upya. Wazazi hujisifu kwa majirani kwamba mtoto wao anasoma. Ukweli ni kwamba mtoto huyo anavumbikwa kama ndizi: ganda litakuwa la manjano mapema, lakini ndani atabaki mbichi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri ni saa saba na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na saa 3 za kukimbia, kuruka na kucheza. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1. Mtoto wa pupa hunyimwa usingizi, hunyimwa mchezo, na ule muda mdogo unaosalia hupewa simu ya mkononi ili anyamaze.

Watetezi wa mtindo huu hupenda kusema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni njema, ila wao wanaitumia vibaya. Wahenga walisema samaki akunjwe, hawakusema avunjwe. Na wahenga hao hao ndio waliosema kwamba haraka haraka haina baraka.

Wanaodhani kwamba mtoto anayecheza anapoteza wakati, na waangalie mdako. Mtoto hurusha jiwe moja juu, na kabla halijatua huchota mawili, kisha matatu, kisha manne. Hapo anajifunza kuhesabu, kukadiria, kungoja zamu na kukubali kushindwa. Vitendawili vya jioni humfundisha kufikiri na kuijua lugha yake. Kumsaidia mama kuchambua mchele, au kwenda na babu shambani kwa mwendo wa babu, humfundisha kwamba kazi ina hatua zake na haiishi kwa kurukwa. Masomo hayo hayana cheti, wala hayalipiwi ada. Ndiyo maana wafanyabiashara wa elimu hawayataki.

Jambo hili si geni katika fikra za taifa hili. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu inayoongozwa na mitihani na inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Alipendekeza pia umri wa kuanza shule upandishwe, ili mtoto amalize masomo akiwa amekomaa. Leo wapo wanaotaka mtoto wa miaka mitatu afanyiwe usaili wa kuandika jina lake, kisha huiita kasumba hiyo maendeleo. Husema dunia ni ya ushindani. Lakini nchi ya Ufini, ambayo elimu yake husifiwa duniani kote, humwingiza mtoto darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. Yafaa waulizwe wanashindana na nani.

Sheria na Serikali zimekwisha sema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, sambamba na afya na elimu. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, mashindano yaliyokuwa yamegeuzwa tangazo la biashara. Mwaka huo huo Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, ili walelewe na familia zao.

Ni nani basi anayeendeleza pupa hii? Haifai kusingizia wakulima wa vijijini. Wateja wakubwa wa tuisheni za watoto wachanga ni watu wa mishahara: maofisa, makarani na walimu wenyewe. Yupo ofisa anayeusambaza waraka asubuhi, na jioni akatafuta mlango wa nyuma wa kumwingiza mwanawe bwenini. Yupo mwalimu anayeikimbiza mada darasani ili aje kuiuza jioni kwa wenye fedha. Huo ni ulanguzi, na anayelanguliwa ni mtoto.

Ni kweli kwamba wazazi wengi hufanya kazi mbali na nyumbani, na kwamba shida ya usafiri haikuletwa na wao. Hoja hiyo ina uzito na haistahili kubezwa. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kazini anahitaji mahali salama pa kumwacha mtoto. Lakini mahali salama si lazima pawe darasa la mitihani. Kituo cha kulelea watoto karibu na nyumbani au kazini, chenye uji, kivuli, uwanja na mlezi mvumilivu, kingemfaa mtoto kuliko safari ya saa mbili. Waajiri, na ofisi za umma zikiwa za kwanza, wanapaswa kudaiwa vituo hivyo. Akina baba nao waache kudhani kwamba kulipa ada ndiko kulea. Nusu saa ya kumsikiliza mtoto kila jioni, simu ikiwa imewekwa kando, haihitaji bajeti.

Wajibu uko wazi. Mwalimu mkuu asiruhusu usaili wa kuwachuja watoto wachanga, wala madarasa ya likizo kwa watoto wa awali. Mkaguzi asihesabu madaftari yaliyojaa tu, aulize pia watoto wanacheza wapi. Mtumishi wa umma aanze nyumbani kwake, kwa kumwacha mwanawe alale hadi ashibe usingizi. Taifa halina haja ya watoto waliokariri kila kitu wakiwa na miaka sita na kuchoka na masomo wakiwa na miaka kumi na minne. Linahitaji watu wazima wenye akili timamu na moyo wa utu, na watu hao hukomaa kwa wakati wao.