Mlango Usiouliza Kabila

Mwaka wa masomo unapokaribia kufunguliwa, kiwanja cha ndege cha Luano, hapa Lubumbashi, hupokea vijana ambao hawakuja kutembea: watoto wa Kasai, wa Kinshasa na wa mbali zaidi, wenye masanduku yaliyofungwa kwa kamba na vyeti vya mtihani wa Serikali vilivyotiwa katika mifuko ya nailoni visilowe, ambao, kabla hawajauvuka uwanja wa magari, wamekwisha kuzungukwa na waendesha pikipiki wanaotaja nauli kwa kadiri ya ugeni wanaouona usoni. Hao ndio ninaowafikiria ninapoandika kuwakaribisha wanafunzi wanaojitolea kuwahudumia wenzao katika kituo cha msaada chuoni; maana kituo hicho, hata kikiwa ni chumba chenye meza na viti viwili, thamani yake hupimwa kwa mgeni wa namna hiyo, si kwa hotuba za siku ya ufunguzi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi si kichanga. Kiliasisiwa mwaka 1955, mji ukiitwa Élisabethville, kikamezwa mwaka 1971 na chuo kimoja cha taifa, kikapata jina lake la sasa mwaka 1981. Na katika miaka yote hiyo mgeni hakukosa kabisa wa kumpokea. Aghalabu hupokewa na watu wa kwao, kwa njia ya vyama vya wanafunzi wa jimbo moja au kabila moja, ambavyo humtafutia godoro na humchangia akiugua. Siidharau ihsani hiyo, na mwenye kuidharau hajapata kulala na njaa ugenini. Walakini yule asiye na watu wa kwao, au aliyekosana nao, au ambaye dhiki yake ni aibu mbele yao, mathalan binti aliyeshika mimba au kijana aliyeimaliza ada ya masomo katika kamari, atabisha hodi wapi?

Na hapa Katanga kuulizana "wewe ni wa wapi?" si jambo jepesi. Katika miaka ya 1992 na 1993 Wakasai, ambao wengi wao walizaliwa huku na hawakuijua Kasai ila kwa masimulizi ya wazee, waliondoshwa majumbani mwao, wakarundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja magari-moshi ya kuwarudisha "kwao". Wajukuu wa walioondoshwa na wajukuu wa waliowaondosha huketi leo katika kumbi zilezile za kampasi ya Kasapa. Jambo la kwanza kwa anayejitolea, basi, ni kulifuta swali hilo katika daftari lake.

La pili ni siri, nalo ni zito kuliko la kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi wa chuo hiki walishambuliwa mabwenini, damu ikamwagika. Idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu siku ile, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Kinachosahauliwa ni kwamba msiba huo ulitanguliwa na shuku, wanafunzi wakiwatuhumu baadhi ya wenzao kuwa ni masikio ya Serikali ya Mobutu, hata wakawapiga. Mahali palipopitiwa na mambo hayo, kumwambia mtu "nieleze, sitasema" ni kumtaka imani kubwa. Hata katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, wanafunzi walianza mwaka 1970 kupokea usiku simu za wenzao bila kudai jina. Nadhani haja yetu ya staha kama hiyo yaishinda yao.

Wala simsemi jasusi peke yake. Siri nyingi hazivuji kwa uovu, huvuja kwa huruma: msikilizaji hulemewa na aliyoyasikia, akamweleza mwenzake wa chumbani ili apate kupumua, na ifikapo saa ya bukari habari imekwisha kufika mezani. Ndiyo sababu anayejitolea afundishwe mapema lipi alibebe na lipi alikabidhi, kwa kuwa ubakaji, maradhi ya akili na azma ya kujiua si mambo ya kuachiwa mwanafunzi peke yake. Hapo amwombe mwenzake ridhaa, ampeleke kwa daktari, na maisha yakiwa hatarini asingoje ridhaa. Tena azungumze na mwenzake huyo kwa Kiswahili, au Kiluba, au Lingala. Kifaransa kina makao yake darasani, na ni wachache wanaolia kwa Kifaransa.

Wakuu wa chuo nao wasidhani kuwa kazi ya kujitolea haina gharama. Nauli ya taksi-basi kutoka Katuba au Kenya (mtaa wetu, si nchi) hutoka mfukoni mwa mtu ambaye huenda hajala, na umeme wa shirika la SNEL hukatika bila kubisha hodi. Chuo kitoe nauli na taa. Kitoe chumba ambacho mlango wake hufungika, kisichotazamana na ofisi yoyote ya nidhamu, kwani hakuna atakayethubutu kuingia huku akihesabiwa. Na zamu isizidi muda anaoweza kuumudu mtu mwenye mitihani yake mwenyewe.