Kanali Bagaza na kiti chake cha useneta

Mtaje Jean-Baptiste Bagaza, aliyekuwa rais wa Burundi, mbele ya watu wazima wa Gitega au Muyinga, utasikia sifa na lawama kwa pamoja, na nusu ya hizo hazisimami.

Wapo wanaosema wananchi ndio waliomchagua kuwa seneta. Hakuna aliyemchagua. Katiba ya Machi 2005, iliyofuata mapatano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000, iliwapa waliowahi kuwa marais viti vya Seneti bila kura. Gitega ilipeleka maseneta wake wawili na Muyinga wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja, waliopigiwa kura na madiwani wa komini. Kanali hakuwakilisha mkoa wowote, hata Bururi alikozaliwa mwaka 1946, kule Rutovu. Anayekumbuka kumpigia kura huenda anakumbuka uchaguzi wa rais wa 1984, aliposhinda kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huo mgombea alikuwa yeye peke yake.

Wengine wanadai alitoka kambini moja kwa moja hadi bungeni, eti mapinduzi yalilipa. Yalilipa kwa kuchelewa mno. Alimpindua Rais Micombero tarehe 1 Novemba 1976. Septemba 1987 akiwa Québec, kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, Meja Pierre Buyoya akamchukulia kiti. Ikafuata miaka ya uhamishoni Uganda na Libya, kisha kurudi nyumbani, kuanzisha chama cha PARENA mwaka 1994, na kuwekwa kizuizini nyumbani kwake chini ya Buyoya huyohuyo, aliyekuwa amerudi madarakani kwa mapinduzi mengine. Halafu 2005 wote wawili wakawa maseneta wa baraza moja: wanajeshi wawili, wazaliwa wa Rutovu, wasomi wa vyuo vya kijeshi vya Ubelgiji, mmoja kampindua mwenzake. Mimi naona hapo ndipo Arusha ilipofanya kazi yake. Kanali mzee anayelalamika kwenye kipaza sauti cha Seneti ana madhara madogo kuliko kanali anayenong'ona na maofisa usiku. Anayeuita mpango huo zawadi atuambie angempeleka wapi.

Hoja ya kwamba alikuwa mpenda bunge tangu mwanzo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli, Bunge lilirudi mwaka 1982 chini yake, baada ya katiba ya 1981. Lakini chama kilikuwa kimoja, UPRONA, na katika wabunge 65, rais aliteua 13. Waliobaki walichaguliwa, ila kati ya nani na nani? Kati ya mwanachama na mwanachama mwenzake.

Je, alikuwa mkombozi wa mkulima? Kwa sehemu. Mwaka 1977 alifuta ubugererwa, ule utaratibu wa mtu kulima ardhi ya mwingine na kumlipa kwa kazi na mazao, akafuta na kodi ya kichwa. Wazee wa vijijini hawajasahau, na wana haki. Ila jeshi lilibaki mikononi mwa Watutsi, hasa wa kusini, na PARENA haikuwahi kuyapenda mapatano yaleyale yaliyompa kiongozi wake kiti.

Na wanaosema ugomvi wake na Kanisa Katoliki uliwahusu mapadri wa kigeni tu, wawaulize waumini wa majimbo ya Gitega na Muyinga. Wamisionari walifukuzwa, ndiyo, lakini pia misa za siku za kazi zilibanwa, vikundi vya sala vikapigwa marufuku na shule za Kanisa zikachukuliwa na serikali. Mkulima aliyezuiwa kwenda misa Jumanne asubuhi hakuwa mgeni.

Kuna na wanaosimulia kwamba walimwona akiingia Seneti ya Gitega. Haiwezekani: alifariki Brussels tarehe 4 Mei 2016, na Gitega ilifanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019.