Bonasi Ndani ya Kisanduku Kitupu

Mzee mmoja jirani yangu huku Bomet, mkulima wa majani chai, aliniletea simu yake nimsomee barua pepe ya bonasi. Ilitumwa na kompyuta yenyewe, bila mkono wa mtu. Nilichokiona ni kisanduku kitupu. Kilo zake na shilingi zake zote zilikuwa katika picha isiyofunguka.

Kosa lenyewe ni dogo. Barua ya namna hii aghalabu haibebi picha, hubeba anwani yake tu. Na waliotunga programu waliandika anwani inayofahamika ofisini mwao pekee. Ingeandikwa kamili, kuanzia https, picha ikawekwa kwenye seva iliyo wazi, ingefunguka hata Sotik.

Lakini hilo halitoshi, ndugu msomaji. Outlook, kwa mfano, kwa kawaida huzuia picha hadi mpokeaji aruhusu. Hesabu ya mkulima na iandikwe kwa maneno na tarakimu. Picha ibakie nembo. Isitoshe, tangu 1997 kanuni za HTML zadai kila picha iwe na maneno ya kushika nafasi yake isipoonekana. Katika barua ile yaliandikwa “IMG_04”.

“Mwalimu, hiyo ni lugha gani?” mzee aliniuliza. Nimesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, na sikuwa na jibu.