Kobe hakuzaliwa juu ya sementi

Vijana wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga na Kisangani!

Pita sokoni asubuhi, utamukuta kobe wa pori amelazwa kwa mgongo, miguu juu, anangojea mununuzi. Samaki anaoza, nyama inawekwa moshi. Kobe yeye anakaa muzima siku nyingi bila kula, na juu ya ile nguvu yake ndio anateswa zaidi. Na yule anayenunuliwa kwa huruma ao kwa mapambo anaishia ndani ya lupango ya mutu, juu ya sementi, anatupiwa majani ya sombe.

Tunasema hapana. Huyu kobe wetu, Kinixys erosa, mwenye mgongo unaojifunga nyuma kama mlango, ni wa pori lenye maji. Anataka kivuli, matope, majani yaliyooza, uyoga. Wala usimubebe tu na kumutupa popote porini: anaweza kupelekea wenzake magonjwa, ao kesho yake arudi sokoni. Anahitaji makimbilio: miti, kiziwa, ukuta, mulinzi, na mutu wa kumupima mbele ya kumurudisha.

Wengine walifanya. Kwenye kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kobe wakubwa wanne waliletwa toka Seychelles mwaka 1919. Mwaka 1955 walifika 200. Wezi wakawamaliza: 1996 walibaki 7. Serikali, kwa msaada wa shirika la WSPA, ikajenga uzio, wakaongezeka tena. Saba! Na sisi ambao bado tuko na pori, tunaambiwa haiwezekani.

Watasema: watu wako na njaa, nyinyi munalilia kobe. Hatumutukani mama muuzaji, yeye anatafuta minerval ya watoto. Tunauliza wakubwa. Sheria 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda asili iko. Uwanja wa zoo kando ya mto Tshopo uko. Wenye lisanse ya biolojia wako pia, wanaendesha toleka.

Tunadai mamlaka ya jimbo na ICCN watenge sehemu ya ile zoo kwa kobe. Kila kobe anayekamatwa apelekwe pale, si kwa lupango ya mukubwa. Na kazi ya kuwatunza ipewe vijana waliosomea hapa hapa, kwa mushahara, si kwa ahadi.

Tunangojea jibu, kwa maandishi.