Tairi la Mhudumu wa Afya Si Jambo Dogo

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa nchini Tanzania mwezi Januari 2024 umeipa uzito mpya kazi ifanyikayo kwa miguu na kwa baiskeli. Katika kazi hiyo, muda ni sehemu ya tiba. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza tiba ya malaria ianze ndani ya saa 24 tangu homa kuanza. Mhudumu aliyekwama njiani kwa pancha humpunguzia mgonjwa saa hizo. Hata hivyo, baiskeli za miradi zinaponunuliwa, huulizwa idadi na bei, na uchaguzi wa tairi huachiwa muuzaji.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ya pancha ni tairi nene kuliko yote, au hata lile la mpira mtupu lisilojazwa upepo. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kila tairi linapogusa ardhi hubonyea na kurudi, na sehemu ya nguvu za mwendeshaji hupotea kama joto ndani ya mpira. Mpira ukiwa mnene, miguu hulipa zaidi. Tairi la mpira mtupu halitoboki, lakini mishtuko yote huipeleka mikononi na mgongoni. Mtikisiko huo, pamoja na kuegemea usukani kwa muda mrefu, hubana neva ya ulna kwenye kifundo cha mkono, na kidole cha mwisho pamoja na cha pete hufa ganzi. Mikono hiyo ndiyo inayotarajiwa kushika kipimo cha malaria mhudumu afikapo kwa mgonjwa.

Wengine husifu tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa kama jiwe. Kwenye lami laini, sifa hiyo ina msingi. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, baiskeli hurukaruka, na nguvu iliyopaswa kuisukuma mbele huishia kuutikisa mwili. Historia yenyewe inafundisha. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isitikisike. Alitafuta starehe, miaka miwili baadaye tairi hilo likawa linashinda mashindano ya mbio. Starehe na kasi, basi, si maadui.

Kwa njia za vijijini, chaguo la busara ni tairi lenye upana wa sentimita 4 hadi 5, lenye ukanda wa kinga chini ya kashata na kuta laini za pembeni. Baiskeli nyingi za mizigo zenye tairi la inchi 28 kwa 1½ tayari zinakaribia kipimo hicho. Kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, tairi lake liwe na kinga nene. La mbele laweza kuwa jepesi.

Upepo nao una kipimo chake, kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Ukipungua mno, tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba, kisha mwiba usio na hatia ukasingiziwa. Ukizidi, mtikisiko hurudi. Pampu, viraka na gundi ni vifaa vya kazi kama ulivyo mkoba wa dawa. Hata tairi bora huchomwa na mbigili, na kiraka hakidumu iwapo mwiba umeachwa ndani ya tairi.

Itasemwa kuwa tairi lenye kinga ni ghali. Ni kweli, lakini gharama ya tairi hafifu haifutiki. Huhamia kwa mhudumu, alipaye fundi kwa posho yake, na kwa mgonjwa anayesubiri. Mradi unaotoa baiskeli bila kutaja tairi umetoa nusu ya baiskeli. Sifa za tairi ziandikwe katika hati za ununuzi, na wahudumu wanaozijua njia hizo waulizwe kwanza.